Kadi Isiyosahau
Wanafunzi wenzangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu Shelly Beach, anayenunua ploti huuliza, "Mwenyewe nani?" Ajibiwa jina moja, aridhika. Hapo ndipo watu wanapoumia!

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yataka rejista ionyeshe ardhi yenyewe, mwenye milki na vizuizi. Kwenye ile kadi ya kijani ya ofisi ya ardhi, kila mwenye milki huandikwa mstari wake na tarehe. Wa zamani hubaki juu yake.

Kompyuta nayo ifanye vivyo hivyo. Fomu itoe jina la sasa, na chini yake majina yaliyotangulia, tarehe na aliyebadilisha. Ripoti iyachapishe yote. La sivyo, mjane aliyedhulumiwa atashika ushahidi gani?