Kunyamazisha Kiti-Kitanda cha Kampavani

Kiti-kitanda cha kampavani, yaani gari lililotengenezwa ili watu walale ndani yake kambini, ni benchi la abiria ambalo usiku hulazwa likawa kitanda. Magari ya namna hii yalianza kupata umaarufu Ulaya baada ya kampuni ya Westfalia ya Ujerumani kuanza, mwaka 1951, kutengeneza vifaa vya kambi vya basi dogo la Volkswagen, lile lililojulikana Afrika Mashariki kama Kombi. Kwa kawaida kiti hicho kina fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, sehemu ya kukalia, na egemeo. Sehemu ya kukalia ikivutwa mbele, egemeo hushuka nyuma yake na vyote viwili vikalala sawia. Ili kiti kisijikunjue safarini, komeo hunasa pini ya chuma. Kila kiungo huachiwa nafasi ndogo ili kiweze kukunjuka, na kelele nyingi huzaliwa katika nafasi hiyo.

Kelele hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kugonga. Vipande viwili visivyobanana hupigana gari linapopita kwenye mashimo, kama kifuniko kisichokaa vizuri juu ya sufuria. Ya pili ni ya kulia. Nyuso mbili zilizobanana hushikana, mtikisiko ukizidi huachiana ghafla, kisha hushikana tena, na mchezo huo ukirudiwa haraka husikika kama mlio mwembamba. Kila aina ina dawa yake. Kugonga huondolewa kwa kukaza au kuziba nafasi, na kulia huondolewa kwa kulainisha au kutenganisha nyuso. Grisi ikipakwa kwenye komeo lililolegea, komeo litaendelea kugonga.

Kabla ya kushika spana, chanzo kitafutwe. Sanduku lililo chini ya kiti litolewe vitu vyote, kwa kuwa mara nyingi kinachogonga ni jeki, sufuria au vigingi vya hema. Gari likiwa limesimama, egemeo litikiswe kwa mkono huku mkono wa pili ukishika kiungo kimoja baada ya kingine. Kinachogonga huhisiwa vidoleni. Tochi nayo husaidia: rangi iliyolika na kuacha doa la chuma king'aacho huonyesha mahali vipande vinaposuguana, na unga wa kutu kuzunguka kichwa cha bolti huonyesha kwamba bolti imelegea. Sehemu inayoshukiwa ijaribiwe kwa kipande cha kadibodi kilichokunjwa na kubanwa kati ya nyuso mbili. Gari likiendeshwa kwenye barabara ileile na kelele ikatoweka, chanzo kimepatikana. Kadibodi iondolewe mara baada ya jaribio.

Matengenezo yaanze na bolti na nati za fremu. Nati ya kawaida inayolegea kila mara ibadilishwe kwa ile yenye pete ya nailoni ndani, inayobana hesi na kuzuia mtikisiko usiifungue. Baada ya hapo yafuate makomeo. Katika baadhi ya viti pini ya komeo hushikwa na bolti zinazopita kwenye tundu refu, hivyo inaweza kusogezwa kidogo hadi komeo libane. Pale pasipo na nafasi ya kurekebisha, mpira mwembamba ubandikwe mahali egemeo linapotua, mradi komeo liendelee kufunga hadi mwisho.

Bawaba zinazolia zisafishwe kwanza, kwa sababu vumbi likichanganyika na mafuta hula chuma kama msasa. Zikishakauka, zipakwe grisi nyepesi au kilainishi kikavu, ambacho hakivuti vumbi. Reli za kiti kinachoteleza hutunzwa vivyo hivyo. Plaiwudi inayosugua fremu haihitaji mafuta, kwani huyanyonya na kuyapeleka kwenye godoro. Ukanda wa kitambaa kinene cha sufu kati yake na chuma hutosha, au nta ya mshumaa isuguliwe kwenye ukingo wa ubao. Vifungio vya mikanda visivyotumika hugonga plastiki, na hivyo vifungwe hata kama hakuna abiria.

Kiti hiki hubeba uhai wa watu, na kutafuta utulivu kusipunguze usalama wao. Kanuni Namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, huweka kipimo cha nguvu ambayo vishikio vya mikanda ya usalama lazima vihimili. Kwa sababu hiyo fremu isitobolewe tundu jipya, na mpira usiwekwe chini ya bolti zinazoshika kiti au mkanda. Bolti hizo zikifunguliwa, zirudishwe kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha mtengenezaji. Mafuta yasiguse utepe wa mkanda.

Mlio unaorudi siku chache tu baada ya bolti kukazwa unaweza kuwa wa ufa kwenye chuma kilichochomelewa. Kiti hicho kisikaliwe na mtu gari likitembea hadi fundi aikague fremu yote.