Kodi ya Mwaka kwa Pensheni ya Mwezi

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mlango huo huo, kwa kuwa wako wazee wengi wasiojaliwa kuuona uzuri wa ndani. Wamezuiwa kizingitini.

Twawasema wazee waliofanya kazi bandarini, relini, viwandani na mashuleni katika Dar es Salaam, mpaka wakafikia umri wa kustaafu wa miaka 60. Wamo pia akina mama wajane. Watu hawa si wagonjwa wala si ombaomba. Wanapika wenyewe, wanafua wenyewe, na sokoni wanakwenda kwa miguu yao. Wengine hawataki kurudi bara, kwenye vijiji ambako rika lao limekwisha kwenda zake. Wanataka chumba kimoja katika mji wa pwani waliouzoea, wenye mlango wao na ufunguo wao.

Hapana budi mtu atauliza, “Je, mzee huyu hana watoto?” Swali hilo si baya, maana kumlea mzazi ni heshima yetu ya tangu zamani. Lakini mara nyingi mtoto naye amepanga chumba kimoja, yeye na mkewe na watoto wanne. Mzazi akija, hulala chini ya meza, na mkwe hukosa pa kuvalia. Mzee mwenye nguvu zake akitaka kukaa peke yake, huwa hajawatupa wanawe. Pengine amewastahi.

Sasa tufanye hesabu, ndugu msomaji. Tuchukue mfano wa mzee apataye pensheni ya shilingi 150,000 kwa mwezi, naye ameona chumba cha shilingi 40,000. Kodi hiyo haifiki theluthi ya pensheni yake. Ataweza kuilipa, na bado atapata unga, samaki na mafuta. Lakini mwenye nyumba ataka kodi ya mwaka mzima kwanza, yaani shilingi 480,000. Hiyo ni pensheni ya miezi mitatu na zaidi, bila kununua hata kibaba cha mchele! Tena mwaka ukiisha, mzigo ule ule unarudi. Kumbe kinachomshinda mzee huyu si bei ya chumba, bali namna ya kulipa. Pensheni huja kidogo kidogo, na kodi hutakwa kwa mkupuo.

Tuwe waadilifu pia. Si kila mwenye nyumba ni mnyonyaji. Huku pwani chumvi ya bahari hula mabati na misumari, na paa la makuti halidumu. Mwenye nyumba ataka fedha za pamoja ili aezeke upya kabla ya masika. Naye mara nyingi ni mzee vile vile, ambaye vyumba vyake ndiyo pensheni yake. Basi tukitaka dawa ya jambo hili, iwe ni dawa itakayowafaa wote wawili.

Taifa letu halikulala katika shughuli ya nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Aprili 22, 1971, serikali ilitangaza kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kuzuia kupandishwa kwa kodi ovyo, nayo ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wamebaki kuelewana wenyewe, na katika kuelewana huko mwenye haja ndiye ainamaye. Machi 2022 yalifunguliwa majumba mapya ya Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644. Hiyo ni kazi njema kabisa. Lakini kaya hizo zilingoja takribani miaka kumi, na mtu wa miaka 70 hana miaka kumi ya kungoja.

Kwa hiyo wengi hufuata chumba rahisi popote kilipo, na mara nyingi hukipata bondeni. Twakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, ambayo watu wake walihamishiwa Mabwepande. Chumba cha bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi, ikaja masika moja ikachukua kitanda, godoro na vyeti. Mzee asiende kuangalia chumba siku ya jua peke yake. Arudi siku ya mvua, atazame alama ya maji ukutani, na awaulize majirani.

Wengine wameanza kutazama miji ya pwani iliyo mbali na Dar es Salaam, ambako vyumba kwa kawaida ni rahisi zaidi. Tanga kuna hospitali ya Bombo, Lindi kuna Sokoine, na Mtwara kuna Ligula. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe katika Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kusini si adhabu kama zamani. Lakini mtu asihame kwa bei tu. Ahesabu pia hatua za kwenda kisimani au bombani, sokoni, msikitini au kanisani, na kwa daktari. Chumba rahisi kinachotaka nauli kila siku si rahisi.

Tena tusiidharau nyumba yetu ya Kiswahili. Mbele ina baraza, katikati ukumbi, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma kuna uwani wenye jiko na choo. Haina ngazi za kumvunja mzee magoti. Kila mtu ana mlango wake, lakini hakuna aliye mpweke. Mzee asipotoka barazani asubuhi, jirani atabisha hodi. Wastaafu watatu au wanne waliofanya kazi pamoja wakipanga nyumba moja ya namna hiyo, watagawana gharama ya maji na taa, na kila mmoja atabaki na ufunguo wake.

Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, wenye nyumba wakubali kwa wazee wenye pensheni kodi ya miezi mitatu ya mwanzo, kisha kodi ya kila mwezi. Mpangaji mwenye fedha ya hakika kila mwezi ni bora kuliko chumba kitupu. Pili, mapatano yaandikwe na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, yakitaja kodi, muda na notisi ya kuhama, ili mzee asitolewe nje kwa neno la mdomo. Tatu, vyama vya wafanyakazi na vyama vya kuweka na kukopa viwe na fungu la kumkopesha mstaafu kodi ya mwanzo, naye alipe kidogo kidogo kutoka pensheni yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ninyi vijana mlio kazini leo, msidhani habari hii ni ya wengine. Mwenye miaka 40 ana miaka 20 tu mbele yake. Kiwanja kidogo kilichopimwa, na tofali chache kila mwaka, vitakufaa kuliko majuto ya uzeeni.

Katika tawi lako, ndugu, yumo mzee ambaye kodi yake inakwisha mwezi ujao. Nenda kwake leo umwulize imebaki siku ngapi, kisha fuatana naye kwa mwenye nyumba. Maneno ya wawili husikika kuliko ya mmoja.