Elektroni inatetemeka kweli? Tuanzie Matema

Simama ufukweni Matema, wilayani Kyela, siku ambayo Ziwa Nyasa lina mawimbi madogo, kisha utazame mtumbwi ulio mbali. Utauona unateleza tu, umenyooka. Muulize mvuvi aliyemo ndani: unapanda, unashuka, hautulii hata kidogo.

Mwaka 1928, Paul Dirac aliandika mlinganyo wa elektroni unaounganisha fizikia ya kwanta na nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Mwaka 1930, Erwin Schrödinger aliuchambua akakuta jambo la ajabu: hata elektroni iliyo huru, isiyosukumwa na chochote, inaweza kwenda mbele huku inatetemeka. Kwa Kijerumani akaliita Zitterbewegung, mwendo wa kutetemeka.

Mara ngapi? Takriban 25 ikifuatiwa na sufuri 19, kila sekunde! Na mtetemo wenyewe ni mdogo kuliko atomu ya haidrojeni kwa mara mia kadhaa.

Sasa, unatoka wapi? Mfano wa mtumbwi unaishia hapa, maana elektroni haina ziwa la kuitikisa. Mlinganyo wa Dirac una majibu ya aina mbili: ya nishati chanya na ya nishati hasi. Wimbi la elektroni likibeba yote mawili, sehemu hizo zinaingiliana na mtetemo unazaliwa. Ondoa sehemu ya nishati hasi, mtetemo unatoweka.

Na muda je? Mtetemo unaorudi kwa vipindi sawa ni kama saa. Saa hii inapangwa na masi ya elektroni: chembe yenye masi mara mbili ingetetemeka haraka mara mbili.

Ndiyo maana ubishi haujaisha. Wengine wanaona elektroni ina saa yake ya ndani. Wengine wanasema hiyo ni sura ya hesabu tu. Mwaka 2010, watafiti wa Innsbruck, Austria, walinasa ioni moja ya kalsiamu, wakaielekeza kwa leza ifuate mlinganyo kama wa Dirac. Ikatetemeka kama ilivyotabiriwa. Lakini tusichanganye mambo: ile ilikuwa ioni inayoiga. Mtetemo wa elektroni huru yenyewe bado hakuna aliyeuona moja kwa moja.

Kwa hiyo sisi bado tuko ufukweni. Mtumbwi tunauona unakwenda. Mvuvi wa kumuuliza ndiye hatuna.