Kabati la zamani lipate rangi mpya, mtoto asipate sumu

Korosho zikishauzwa, nyumba nyingi za Masasi na Newala hupata mkono wa rangi. Baada ya kuta na milango, zamu hufika kwa kabati la vyombo lililoachwa na bibi, ambalo maua ya ubavuni yamefifia. Kulipaka upya ni kazi ambayo mzazi anaweza kuifanya nyumbani na watoto wakashiriki. Ila ipo hatua moja ambayo mtoto hatakiwi kuwa karibu.

Mchoro ulionyooka hutokana na stensili, yaani karatasi ngumu iliyokatwa tundu lenye umbo linalotakiwa. Viwanda vya Chicago, Marekani, vilivyotengeneza mashine za mchezo wa pinball vilipamba makasha yake ya mbao kwa njia hiyo kwa miaka mingi: rangi ya chini kwanza, kisha stensili moja kwa kila rangi. Wanaozifufua mashine hizo leo huanza kwa kunakili mchoro wa zamani kabla ya kugusa msasa. Kwa kabati la bibi, nailoni angavu ya kufunikia madaftari na maka peni vinatosha.

Hatari iko kwenye vumbi

Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani kali, mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Ukipiga msasa mkavu, vumbi lake hutua sakafuni, kwenye vyombo na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huharibu ubongo unaokua, na mtoto anaweza kudhurika bila kuonyesha dalili yoyote.

Kwa hiyo fanyia kazi hiyo nje, watoto wadogo na mjamzito wakiwa mbali. Kama rangi imeshika vizuri, usiikwangue hadi kwenye mbao. Ioshe kwa sabuni, kisha pitisha msasa wa maji kidogo tu. Hata Newala, ambako maji ni ya kubana, ndoo moja inatosha. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi badala ya fagio, na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mabaki yafunge kwenye mfuko. Mbao zenye rangi ya zamani zisigeuzwe kuni za kupikia, maana moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo hiyo.

Sasa waite watoto

Rangi mpya ya chini ikishakauka, watoto wakubwa wanaweza kuhamishia mchoro kwenye katoni ngumu. Wasiotaka maua wachore mistari ya pembe-pembe kama ya chale za wazee wa Kimakonde. Mzazi ndiye akate kwa wembe, akiacha vijidaraja katikati ya herufi kama O na A ili kipande cha ndani kisidondoke.

Bana stensili kwa gundi ya karatasi, chovya kipande cha sponji, kikamulie kwenye gazeti, kisha gonga-gonga taratibu. Sponji iliyolowa sana hupenyeza rangi chini ya katoni. Inua stensili moja kwa moja juu, na usiweke rangi ya pili kabla ya ya kwanza kukauka. Alama za penseli kwenye pembe zitasaidia stensili inayofuata ikae mahali pake.

Dukani, uliza rangi ya maji isiyo na risasi. Kama umenunua tina, usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.