Wingi wa Watu na Moyo wa Kusaidia

Wengi huamini kwamba mtu aliyepatwa na ajali mbele ya umati ana bahati kuliko aliyeonwa na mtu mmoja. Je, ndivyo ilivyo?

Mwaka 1968 wataalamu wa saikolojia wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walieleza jaribio walilowafanyia wanafunzi. Kila mmoja aliketi peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla ikasikika sauti ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Kwa kweli sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa. Miongoni mwa waliodhani wameisikia peke yao, asilimia 85 waliondoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Miongoni mwa waliodhani wapo wasikiaji wengine wanne, ni asilimia 31 tu.

Sababu kubwa ni kwamba wajibu hugawanyika: kila mtu hungoja mwenzake atangulie. Tena, watu hutazamana. Wote wakitulia, kila mmoja hudhani hakuna hatari.

Hata hivyo, umati si lazima uzembee. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa ugomvi 219 ulionaswa na kamera za mitaani Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini. Katika visa 9 kati ya 10, angalau mtu mmoja aliingilia kati.

Wasukuma wa Shinyanga na Geita wana dawa yao ya tangu zamani: mwano, yaani ukelele wa hatari. Aisikiaye hupaswa kuupokeza na kukimbilia huko. Sungusungu walipoanza kupambana na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, asiyeitikia aliweza kutozwa faini au kutengwa. Hivyo wajibu haukugawanyika tena. Kila mmoja alibeba wote.

Lakini umati ulioitikia wito umewahi pia kuua wasio na hatia, wakiwamo vikongwe walioshukiwa uchawi. Hapo ugonjwa ule ule hurudi: wengi huona uovu, na kila mmoja hungoja mwenzake aseme, "Acheni!"

Basi, duara la wachimbaji likiporomoka, au mwanafunzi akianguka uwanjani, usiseme, "Jamani, saidieni!" Mwelekezee mtu mmoja kidole: "Wewe mwenye shati jeupe, kamwite mganga." Aliyetajwa hana wa kumwachia wajibu wake.