Vyombo Vilivyolala (3): Kupiga kafi kati ya mataruma ya Mallows Bay

Juma lililopita tuliiacha manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, ilipozamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915, na tukaufuata mzinga wake mmoja hadi Fort Jesus, Mombasa. Leo tumo katika vita vile vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika mto wenye kujaa na kupwa, ila tunavuka Atlantiki hadi mto Potomac, jimbo la Maryland, Marekani. Huko, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Washington, ipo ghuba ndogo iitwayo Mallows Bay, yenye mabaki ya vyombo zaidi ya 100. Hakuna hata kimoja kilichozamishwa na adui.

Marekani iliingia vitani Aprili 1917, wakati nyambizi za Ujerumani zinazamisha meli za mizigo upesi kuliko zilivyoweza kuundwa nyingine. Chuma kilikuwa adimu, misitu ilikuwa tele. Ndipo likatoka wazo la kuunda meli 1,000 za mvuke, za mbao. Jenerali George Goethals, yule aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Panama, alilipinga na kutetea meli za chuma. Ugomvi wake na mwenyekiti wa bodi ya meli, William Denman, uliwang'oa wote wawili Julai 1917. Kazi ikaendelea bila wao.

Fundi yeyote wa majahazi, awe wa Lamu au wa Nungwi, angewatajia kasoro moja kabla hata ya kushika shoka: mbao mbichi. Haraka ya vita haikungoja miti ikauke. Ubao uliopigiliwa ungali na maji yake husinyaa ukiwa tayari chomboni, viungo vikaachana, na hapo kalafati ya stadi yeyote haisaidii. Meli nyingi zilivuja. Tena zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 80, lakini mitambo na makaa vilikula nafasi ambayo ingepaswa kuwa ya mzigo. Vita viliposimama Novemba 1918, hakuna hata moja iliyokuwa imevuka Atlantiki.

Serikali ikabaki na kundi la meli zisizotakiwa na mtu. Mwaka 1922 iliziuza 233 kwa kampuni ya Western Marine & Salvage, ya Alexandria, Virginia, kwa dola 750,000. Ukigawanya unapata kama dola 3,200 kwa meli. Ni bei ya kuni, si ya chombo. Na kama kuni ndivyo zilivyotumika. Kampuni ilitaka vyuma vilivyomo, na njia rahisi ya kuvitoa ilikuwa moto. Tarehe 7 Novemba 1925 meli 31 zilichomwa kwa mpigo mmoja humo Mallows Bay. Moto ulikula hadi usawa wa maji ukazimika, na nusu ya chini, yaani mkuku na mataruma, ikabaki kwenye tope.

Mdororo mkuu wa uchumi uliiangusha kampuni mwaka 1931. Wenyeji wasio na kazi wakaingia na misumeno na nyundo, wakajitafutia riziki kwa kuuza vyuma chakavu. Vita vya Pili vya Dunia vilipopandisha tena haja ya chuma, Bethlehem Steel ikapewa kandarasi. Ilichimba bwawa kando ya ghuba ili kuziingiza meli humo na kuzichoma. Hata hao waliacha mwaka 1944. Watu wa aina tatu walizijia meli hizi kutafuta chuma, na bado zipo.

Kilichofuata hakikupangwa na yeyote. Mto ulijaza udongo ndani ya meli, mbegu zikaangukia humo, miti ikaota. Leo baadhi ya meli hizo ni visiwa vyenye umbo kamili la chombo, omo na tezi, vyenye vichaka katikati na ndege walao samaki wakitaga juu. Samaki wachanga hujificha kati ya mataruma. Kinachoonekana kutoka mbali zaidi si meli ya mbao hata kidogo, bali Accomac, feri ya chuma iliyoundwa 1928 na kutelekezwa hapo mwaka 1973. Wapiga picha huipenda mno, na huwa nawaonea huruma kidogo: wanarudi nyumbani na picha ya kivuko, wakidhani ni meli ya vita.

Tangu 2019 eneo hili ni hifadhi ya taifa ya majini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 47 hivi, na vyuma vile vilivyosakwa miaka yote hiyo sasa ni marufuku kuving'oa.

Chombo cha kuingilia humo ni kayaki, kwa kuwa haihitaji kina. Msomaji wa Unguja, aliyezoea maji ya bamvu kupanda zaidi ya mita tatu, atacheka akisikia kwamba hapa tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata mita moja. Asicheke. Ghuba ni ya kina kifupi, na kipimo hicho kidogo ndicho kinachoamua utaona nini. Maji yakijaa, unapita juu ya meli nzima bila kuijua, na misumari mirefu ya chuma imesimama inchi chache chini ya kayaki yako. Yakipwa, mataruma yote yanajitokeza kwa safu, lakini njia kati yake zimefunga na tope linakushika. Kiangazi kuna tatizo jingine: majani ya majini yanasongamana hadi kafi linakuwa zito. Mwanzo wa machipuko ni afadhali, mradi uvae nguo za maji baridi, na usitoke nje ya ghuba upepo ukivuma, kwani Potomac hapo ni pana na mawimbi yake ni mafupi na makali.

Ingia maji yakiwa nusu, yakiendelea kujaa. Hapo mataruma bado yanaonekana, na ukikwama juu ya mkuku wa mwaka 1918, weka kafi magotini utulie. Maji yatakuinua yenyewe.