Sifuri Saba ya Nchi Gani?

Fungua simu yako, mwanachama mwenzetu, uitazame orodha ya majina. Yupo "Mama Zuhura", yupo "Mama Zuhura Mpya", "Anko Mwanza", "Juma Fundi" na "Dada Kiswahili Mwaka wa Pili". Namba za wengi wao zinaanza na 07. Je, ni 07 ya wapi?

Kwa sisi tunaosoma Uingereza, hilo si swali la mzaha. Namba za simu za mkononi za hapa huanza na 07. Tanzania zipo za 06 na 07, na Kenya na Uganda pia zipo za 07. Ya Uingereza ina tarakimu 11, ya Afrika Mashariki ina tarakimu 10, lakini nani huhesabu tarakimu usiku wa manane anapowatafuta ndugu wa mgonjwa? Ukiwa Leeds ukapiga 07 ya Dar es Salaam bila namba ya nchi, mtandao wa hapa huichukulia kuwa ya Uingereza. Simu haifiki. Anayetafutwa hana habari, na anayetafuta hudhani mwenzake amezima simu.

Dawa ya tatizo hili tunayo mfukoni, ila wengi hatuitumii ipasavyo: kadi ya mawasiliano ya kielektroniki.

Kadi yenyewe ni nini?

Ni faili dogo la maandishi liitwalo vCard, na jina lake huishia na .vcf. Mpangilio wake ulibuniwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Apple, AT&T, IBM na Siemens, na toleo la 4.0 lilitolewa mwaka 2011. Kila mstari una kazi yake: jina, simu, barua pepe, anwani, kazi. Kwa kuwa mpangilio ni mmoja, iPhone, Android na kompyuta zote huusoma. Anayepokea hagusi tarakimu hata moja. Anabonyeza kuhifadhi, basi. Hakuna tena kusikia "sitini" pale uliposema "sita".

Hata hivyo, kadi haisahihishi makosa. Ukiandika kosa, utaligawa kwa kila mtu. Kwa hiyo tuijaze kwa makini.

Namba. Anza na alama ya +, kisha namba ya nchi, na uiache ile sifuri ya mwanzo. Tanzania ni +255 na tarakimu 9. Uingereza ni +44 na tarakimu 10. Wenzetu wa Oman huandika +968 na tarakimu 8, wala hawana sifuri ya kuondoa. Usiiache alama ya +. Ili kupiga simu nje ya nchi, Uingereza huanza na 00, Marekani 011, Tanzania 000. Ile + huiambia simu iweke tarakimu za mahali ilipo, hivyo namba moja hufanya kazi popote.

Jina. vCard ina sehemu ya kuligawa jina vipande, la kwanza na la ukoo, na sehemu nyingine ya jina zima jinsi mwenyewe anavyotaka lionekane. Hapo ndipo majina yetu hukwama. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na la babu si lazima liwe la ukoo. Mwenye asili ya Zanzibar anayeishi Muscat huenda ana "bin" katikati na jina la kabila mwishoni. Andika jina zima kama unavyoliandika kwenye karatasi rasmi. Kuna sehemu ya jina la utani pia, kwa hiyo "Mama Zuhura" hapotei.

Barua pepe. Anwani ya chuo huenda ikafungwa baada ya kuhitimu. Weka pia ile yako binafsi, maana kazi za ukalimani na tafsiri mara nyingi huja baadaye.

Msimbo wa QR

Msimbo huu, uliobuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, unaweza kuibeba kadi yako kwa njia mbili. Ya kwanza, taarifa zote zimo ndani ya msimbo: husomeka bila intaneti, ila ukishauchapisha huwezi kuubadilisha. Ya pili, msimbo una kiungo tu kinachoelekea kwenye ukurasa: taarifa utazibadilisha upendavyo, lakini huduma ikifungwa na kadi imekwisha. Kabla ya kuchapa bango, jua umechagua ipi.

Kumbuka kuwa kadi uliyokwisha kuituma ni nakala. Ukibadilisha laini leo, nakala ya jana haina habari. Itume upya.

Na si kila kitu ni cha kila mtu. Tengeneza kadi mbili: moja ya kazi, yenye jina, simu na barua pepe, nyingine ya ndugu na marafiki, yenye anwani ya nyumbani. Kadi ya mwenzako usiitume kwa mtu wa tatu kabla ya kumwomba ruhusa. Namba ya mtu ni amana.

Kila mwaka wanachama wanahitimu na kutawanyika: Nairobi, Muscat, Toronto. Orodha ya chama hubaki na namba za laini zilizokwisha kutupwa. Kabla ya mitihani ya mwaka huu, kila mmoja wetu aifungue kadi yake, aondoe sifuri, aweke namba ya nchi, kisha aitume kwa katibu. Ni kazi ya dakika tano.